Kistari, Kistari, Kistari

Kwanza nilikata kandambili.
Povu la kisigino, duara la shilingi ishirini,
nikalichoma sindano ya kufumia,
nikalitia katika chupa ya petroli lielee.
Likaelea siku mbili. Ya tatu
lilikuwa limevimba kama andazi,
ya nne likawa ute.
Ngowa Thoya akachungulia, akacheka kwa pua:
"Umazi, petroli haina urafiki na povu."

Ndege yake ilikuwa bandani, Maweni,
nyuma ya machimbo, mabawa yamelazwa juu ya matairi:
mbao, turubai, gundi,
na miaka saba ya pensheni ya fundi wa uwanjani.
Mimi hutengeneza simu karibu na soko la zamani,
sijapanda kitu kirefu kuliko ngazi ya fundi wa stima.
Alichotaka ni kidogo: ajue, akiwa juu,
zimebaki lita ngapi.

Nikanunua antena ya televisheni kwa muuza vyuma chakavu.
Mabomba mawili, jembamba ndani ya nene,
yasigusane; niliyatenga kwa vipande vya mshipi wa nailoni.
Petroli ikipanda kati yao, umeme hubadili mwendo,
na saketi yangu huhesabu tofauti.
Ndivyo tu. Hakuna kinachoelea, hakuna kinachooza.

Tukajaza. Lita moja, andika. Lita moja, andika.
Tangi la bawa si sanduku, lina tumbo na shingo:
lita ya tatu ilisogeza namba arobaini,
ya tisa kumi na moja tu.
Tena ndege ikikalia mkia, namba husema uongo wa adabu.
Tukauinua mkia juu ya kreti za soda,
tukaanza upya, Jumamosi nzima,
vichwa vikituuma kwa mvuke.

Wahenga walisema debe tupu huvuma.
Hawakuwahi kukaa nyuma ya propela.
Debe la ndege likiwa tupu
ndipo kila kitu hunyamaza.

Baba aliendesha bodaboda, Muyeye hadi mjini.
Kipimo chake kilikufa kabla hajainunua,
mshale umeganda kwenye tele.
Yeye alitikisa tangi, akatega sikio,
akasema, "Ipo."
Mama akiuliza karo: ipo.
Kodi: ipo.
Dawa zake mwenyewe, akikohoa ameshika ukuta:
zipo.
Usiku wa mvua ikamzimikia juu ya daraja la Sabaki,
na lori la nyuma halikuwa na breki za kutosha.
Pikipiki ililetwa nyumbani kwa mkokoteni.
Mshale bado ulisema tele.

Kwa hiyo saketi ilipokamilika, nilirudi mwanzo.
Nikamuuliza Ngowa: waya ukikatika angani,
kioo kiseme nini?
"Sifuri?"
Sifuri nayo ni habari. Utashuka mbio shambani mwa watu,
uvunje mihogo na miguu, na tangi limejaa.
"Basi ibaki namba ya mwisho."
Sikumjibu upesi.
Nikaandika mistari sita ya programu,
mifupi kuliko dua ya kulala:
usipokuwa na hakika, onyesha vistari vitatu.

Alipaa Jumanne alfajiri, kabla ya ndege za watalii.
Alipotua, kioo kilisema kumi na nne.
Akatumbukiza kijiti chake cha mvule, chenye alama za kisu:
kumi na tatu na nusu.
Akanitazama kama mwalimu aliyeona kosa.
"Iandike," nikasema, "na kesho uende na kijiti."
"Hukiamini chombo chako?"
Nakiamini. Nikakifunga kijiti kando ya kiti
kwa ukanda wa tairi la ndani.

Kisha, kabla sijarudisha kifuniko,
nilichomoa waya mara moja tena.
Kistari. Kistari. Kistari.
Nikacheka peke yangu mle bandani
kama mtu aliyengoja jibu miaka mingi
akajibiwa: sijui.